Mvumo wa Hamsini

Hakuanza na kompyuta. Alianza na kidole. Mteja akishaitua mashine yake mezani na kumaliza mashitaka yake, "Haitoi sauti, Fundi, tangu juzi," yeye aliuchomoa waya wa spika nyuma ya kasha, akaushika kama mtu aliyeshika sindano, akaigusa ncha yake kwa kidole gumba. Spika zikivuma, uuuu, mvumo mzito kama wa mtu anayeguna usingizini, aliitikia kwa kichwa: spika nzima, waya mzima, ugonjwa uko ndani. Zisipovuma, kasha halikufunguliwa. Mteja aliambiwa akatafute spika nyingine, na hakutozwa hata senti.

Benchi la duka lile, pale Mlandege mjini Unguja, nimelikalia saa nyingi kuliko madarasa niliyolipiwa ada. Jina halisi la mwenye duka tulilijua tukalisahau. Sote tulimwita Fundi tu, na hata mkewe akimtuma mtoto dukani alisema, "Kamwambie Fundi chakula tayari." Alitokea kwenye redio, zile za valvu na baadaye za transista. Kompyuta zilipoanza kuzoeleka madukani, aliipokea kila moja kama mtu anavyompokea mkwe asiyemjua kwao: kwa heshima, na kwa jicho. Katika mashine yote hiyo alikipenda kitu kimoja, kadi ya sauti. Vingine vyote, akisema, ni hesabu inayozungumza na hesabu. Kadi ya sauti ndiyo peke yake yenye shughuli na sikio la binadamu.

Watoto wa leo hawawezi kuamini kwamba zamani kompyuta ilizaliwa bubu. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kispika kimoja kidogo kilichojua kusema "pii" na basi. Sauti ilinunuliwa mbali, kwenye ubao wenye meno ya rangi ya dhahabu, ukachomekwa ndani kwa mkono. Walivuma mapema watu wa Quebec, Kanada, na kadi yao ya AdLib ya mwaka 1987; miaka miwili baadaye ikaja Sound Blaster kutoka Singapore, nayo ikauteka ulimwengu. Fundi alipenda kusimulia habari za mwenye kampuni hiyo, Sim Wong Hoo. Si kwa sababu ya utajiri wake. Ni kwa sababu alianza mwaka 1981 na duka la kutengeneza kompyuta ndani ya jengo la Pearl's Centre, na kwa sababu alikuwa mpigaji wa harmonika. "Unaona?" Fundi alikuwa akiniambia. "Mwenye duka. Na tena mpigaji." Kwake yeye ushahidi ulikuwa umekamilika. Sim Wong Hoo alifariki Januari 2023. Niliisoma habari hiyo kwenye simu, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpelekea hakuwapo tena.

Kadi zile za kwanza hazikujitambulisha zenyewe. Ilibidi uzipe anwani ya kukaa, kengele ya kupiga zikihitaji kuhudumiwa, na njia ya kupitishia mzigo wao. Yote hayo yalipangwa kwa vijiplastiki vidogo kama punje ya mchele, jumpa, vilivyochomekwa juu ya sindano za shaba. Kisha maneno hayo hayo yaliandikwa tena ndani ya faili la kuwashia mashine: A220, I5, D1. Fundi aliyasema kwa mdomo mdogo, kama nyiradi, huku akiandika kwa kidole kimoja. Balaa kubwa ilikuwa kengele. Kadi nyingi za mwanzo zilikuja zimewekwa namba 7, na namba 7 ndiyo iliyokuwa kengele ya printa. Ni kama nyumba yenye watoto wawili wanaoitwa Ali: mama akiita, ama wanakuja wote ama hakuna anayekuja. Mchezo ulianza vizuri, halafu sauti ikanasa kwenye silabi moja, ka-ka-ka-ka, mashine ikaganda. Wengine walikimbilia kusema kadi imekufa. Fundi alikihamisha kijiplastiki kimoja kwa kibano cha nyusi alichokiazima kwa bintiye asikirudishe, na kadi ikafufuka.

Baadaye Windows ikajifanya kujua mambo hayo yote peke yake, na jumpa zikatoweka. Fundi hakuzililia. Alisema aliyeziondoa ana thawabu. Kazi yake ilihamia kwenye draiva. Alikuwa na kopo kubwa la biskuti lililojaa disketi na CD, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina la kampuni. Aliandika namba ya chipu. Boksi linasema uongo, alituambia. Kampuni mbili huuza kadi ileile kwa majina mawili, na kampuni moja huuza kadi mbili tofauti kwa jina moja. Basi aliichomoa kadi, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akaisoma ile chipu nyeusi kwa kioo cha kukuzia alichorithi kwa fundi saa. Kabla ya kuirudisha aliyasugua yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli cha watoto wa shule. Hewa ya kwetu ina chumvi, na chumvi haina haraka. Nusu ya kadi "zilizokufa" Mlandege zilifufuliwa kwa kifutio cha shilingi hamsini, na niliona kwa macho yangu mtu akikataa kulipa kwa sababu kazi imekuwa nyepesi mno.

Lakini hayo nimeyasema ili nifike kwenye kanda.

Waliokua kabla ya simu za mkononi watakumbuka barua za kanda. Sisi tuliokuwa na ndugu Maskati hatukuandika sana; tulirikodi. Mwaka 1986 bibi yangu alikaa ukumbini mbele ya redio kaseti akamsemesha mwanawe, mjomba wangu, upande mzima wa kanda ya dakika 60. Alimpa salamu za mtaa mzima, mmoja mmoja kwa jina, akamgombeza kwa kutotuma picha, akamweleza namna ya kuondoa uchungu wa majani ya mgagani. Mgeni alikuwa anaondoka kesho yake, kanda ikaenda naye. Bibi alifariki miaka mitatu baadaye. Mwaka 2004, mjomba naye akiwa amekwisha tangulia, binti yake aliirudisha kanda ile Unguja ndani ya soksi.

Niliamua kuiingiza mwenyewe kwenye kompyuta. Nilikuwa na kazi ya ofisi, nilikuwa na mashine, na nilikuwa na kiburi. Kwanza niliuchomeka waya wa deki kwenye tundu la waridi badala ya lile la buluu. La waridi ni la maiki, hukuza sauti ndogo kuwa kubwa. Ukilipa sauti ya deki, ambayo tayari ni kubwa, bibi yako anakuja kama anapigia kelele ndani ya pipa. Hilo niligundua. Nikahamia la buluu, nikarikodi, nikachoma CD, nikampelekea mama. Mama aliisikiliza akiwa ameshika tama. Mwisho akasema, "Maskini mama yangu. Kumbe alikuwa keshaanza kuumwa wakati ule, na sisi hatukujua."

CD hiyohiyo niliipeleka kwa Fundi, si anitengenezee, bali aone kazi yangu. Aliiweka, akavaa visikilizio. Mwanzoni mwa kanda mna sekunde sita hivi kabla bibi hajasema neno. Fundi hakungoja neno. Aliondoa visikilizio.

"Umeikosea, mwanangu."

"Hujamsikia hata mtu, Fundi!"

"Nimeusikia umeme. Umeme wetu hauvumi hivi."

Nieleze kidogo hapa. Umeme wa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila deki, kila waya usiofunikwa vizuri, huuimba mgeuko huo kwa chini kabisa, hivi kwamba wengi wetu hatuusikii mpaka ukatike. Fundi alikuwa ameishi na mvumo wa hamsini masikioni tangu siku za valvu. Aliujua kama mvuvi anavyojua kina cha maji kwa kuyatazama. Mvumo wa kwenye CD yangu ulikuwa umeshuka hadi karibu na 46. Kadi ya ofisini ilikuwa imeichukua sauti kwa vipande 48,000 kila sekunde, nayo programu yangu ikaliandikia faili kwamba ni 44,100, kipimo cha CD. Basi kila sekunde ya bibi ikanyooshwa. Dakika 30 zikawa 32 na zaidi, na sauti ikazama karibu nusu toni moja na nusu. Hakuwa mgonjwa. Nilimwuguza mimi, kwa tarakimu moja niliyoiacha vibaya, na mama yangu akakaa siku nne na msiba mpya wa mtu aliyemzika miaka kumi na tano nyuma.

Kazi aliyoifanya Fundi baada ya hapo nimejaribu kuisimulia mara nyingi na watu hunitazama kama ninasimulia habari za kupika chai. Alivisafisha vichwa vya deki kwa spiriti na pamba. Akachukua bisibisi nyembamba, akakigeuza kichwa cha kusomea kidogo, kidogo tena, akisikiliza herufi moja tu, "s" ya bibi, hadi ilipoacha kuwa pamba na kuwa "s". Akachomoa kila kitu ukutani na kukirudisha kwenye soketi moja, deki na kompyuta pamoja, kwa sababu vyombo viwili vikipata athi katika sehemu mbili, mvumo hujifanyia mzunguko wake kati yao. (Kulikuwa na vijana mjini waliokata waya wa athi ili kuondoa mvumo. Mvumo uliondoka kweli, ila siku kasha likishika umeme ungeondoka nao. Jambo hilo ndilo pekee lililomfanya atukane.) Akazima feni. Akamtuma mwanafunzi wake sokoni kununua kitu kisichohitajika.

Halafu akaipiga kanda nzima kabla ya kurikodi chochote. Dakika 30 tumekaa kimya kwenye joto la Februari. Alikuwa anatafuta mahali bibi anapopaza sauti kuliko kote, akapapata: ni pale alipocheka habari za jirani aliyeuza mbuzi wa mkewe. Kwa cheko hilo alipanga kiwango cha kuingilia, akaacha nafasi juu yake. "Kanda husamehe," alisema. "Ukiizidishia, inalainisha. Namba hazisamehe. Ukivuka dari, kilichovuka kimekatwa, na hakuna fundi wa kukirudisha." Ndipo akarikodi, dakika 30 nyingine, maana kanda haina njia ya mkato.

Nilimwuliza kama hawezi kuuondoa ule mvumo, na makelele ya nyuma. Programu za kazi hiyo zilikuwapo. Akaniita nivae visikilizio. "Huko nyuma kuna nini?" Kunguru. Adhana ya mbali. Na kitu kingine, khwa, khwa, khwa, kinachosimama na kuanza tena. "Kuna mtu anakuna nazi," Fundi alisema. "Nikimsafisha bibi yako sana, nitamfuta na huyu. Mvumo nimeupunguza. Huyu simgusi."

Mama aliposikia CD mpya alikaa wima. Bibi alikuwa anasema haraka, kama alivyokuwa akisema siku zote, maneno yakikanyagana visigino. Mama alicheka pale kwenye mbuzi, akalia baada ya hapo, kisha akanyamaza akitega sikio. "Huyo mkunaji ni mimi," akasema. "Nilikuwa na mimba ya mdogo wako, na yule bibi yako haninyanyui kwenye mbuzi ile!" Shilingi elfu tatu, ndizo alizonitoza Fundi.

Umeme ulipokatika Unguja nzima Desemba 2009, ukakaa miezi mitatu, mji uligeuka jenereta. Fundi naye alikuwa nayo, ndogo, iliyofungwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Alitengeneza kompyuta, aliuza draiva, lakini kanda hakuingiza hata moja. Watu walimsihi; kulikuwa na harusi, kulikuwa na mawaidha ya marehemu. Jirani akiwasha friji jenereta ilizama, akizima ikapanda, na mvumo ulipanda na kushuka nayo. "Huu haujui hata wenyewe ni ngapi," alisema, na akangoja hadi Machi. Nilidhani wakati ule ni ukaidi wa kizee. Sasa nadhani hakutaka tu kufanya kazi mahali asipokuwa na kitu cha kulinganishia.

Kadi zenyewe zilikwisha bila vita. Tangu 1997 Intel walipotoa mpango wa kuiweka sauti kwenye ubao mkuu wenyewe, mwaka baada ya mwaka yale matundu ya kuchomekea yalibaki wazi, na kazi yote ikafanywa na chipu moja ya mraba, mara nyingi ya Realtek ya Taiwan. Ina picha ya kaa juu yake. Fundi aliicheka sana picha hiyo: sisi watu wa pwani, alisema, tumeletewa kaa asiye na supu. Wala sitadanganya kwamba kaa huyo anasikika vibaya. Anasikika vizuri kuliko zile kadi za jumpa zilizokuwa zikiingiza hadi mkwaruzo wa diski ndani ya muziki. Akiharibika, unanunua kidude cha USB cha bei ya sahani ya urojo, unakichomeka, maisha yanaendelea. Kidude nacho kikiharibika kinaingia kwenye pipa, na sijawahi kuona mtu akiisoma chipu yake kwanza.

Duka la Mlandege sasa linauza makava ya simu. Kijana aliyelipanga ni mpole, ana spika ukutani inayovuma mchana kutwa kwa sababu chaja ya pini mbili imesukumizwa kwenye soketi ya pini tatu kwa msaada wa kijiti. Nilimwambia. Akauliza, "Mvumo gani, baba?"

Nyumbani kwangu mwenyewe mambo si bora. Dada yangu, yule wa mimba ya mkuna nazi, yuko Maskati leo, na barua zake huja kwa WhatsApp. Tangu mwaka 2021 kuna kitufe kinachokuruhusu kumsikiliza mtu kwa kasi ya moja na nusu, au mara mbili. Wanangu humsikiliza shangazi yao mara mbili. Fundi aliharibikiwa siku nzima kwa kosa la chini ya sehemu kumi kwa mia. Wao wanamkimbiza mtu mzima hadi anaongea kama chiriku, na wakimaliza hawawezi kukwambia kama alikuwa na mafua. Nimewakataza. Wanangoja nitoke chumbani.

Mwaka jana mpwa wangu, mwerevu, mwenye kunipenda, alilichukua faili la bibi akalipitisha kwenye programu mpya ya simu inayosafisha sauti yenyewe. Haikuchukua hata dakika moja. Alituletea jioni, akatuketisha, akapiga. Bibi alitoka kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kila neno limesimama peke yake. Mvumo hakuna. Kunguru hakuna, adhana hakuna, ukumbi wenyewe hakuna; bibi yuko mahali pasipokuwa mahali, anawataja majirani mmoja mmoja. Tulimpongeza kijana, alistahili.

Mama, ambaye sasa masikio yake yanamtosha kwa sauti chache tu, alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa upande ule mzuri. Alisubiri kidogo baada ya kimya. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Na nazi yangu nani kaichukua?"